Siku ya Watu Wawili Mjini



Juma hili tunalo swali moja, na tungependa kila mwenye nyumba alijibu moyoni mwake kabla hajaendelea kusoma. Ni lini mara ya mwisho nyinyi wawili, mtu na mkewe, mlipokwenda mjini pamoja pasi na shughuli? Hatusemi kwenda hospitali. Hatusemi kwenda kununua sare za skuli, wala kwenda kuzika, wala kwenda arusini, ambako mkifika mlangoni mume huelekea upande wa wanaume na mke upande wa wanawake, msionane tena mpaka saa ya kurudi. Twasema kwenda kwa ajili ya kuwa pamoja, tangu asubuhi hadi usiku, kisha mkarudi mikono mitupu na nyoyo zimejaa.

Tumeliuliza swali hili barazani, na tumeliuliza kwa kina mama vyumbani, na jibu tulilolipata mara nyingi ni kicheko. Bwana mmoja mtu mzima alituuliza, "Sasa tukafanye nini huko, ilhali nyumba iko huku?" Bibi mmoja akasema kwamba safari yake ya mwisho na mumewe, wawili peke yao, ilikuwa ya siku aliyotolewa kwao kwenda kwa mume, na mtoto wake wa kwanza sasa ana watoto. Walicheka, nasi tukacheka nao. Lakini kicheko hicho ndicho kilichotufanya tuandike haya ya leo, kwani nyuma yake palikuwa na jambo lisilochekesha.

Ndoa nyingi katika jamii yetu haziharibiki kwa ugomvi. Hupungua kwa shughuli. Mwanzo huwa kuna watoto wadogo, kisha karo, kisha wazazi wanaohitaji kuuguzwa, kisha posa na arusi za watoto wenyewe. Katika yote hayo mume na mke huwa ni washirika wa kazi moja, na kazi yenyewe huifanya vyema. Hata majina yao huyaweka kando: huyu huwa Baba Fulani, na yule huwa Mama Fulani, na jina alilopewa na wazazi wake hulisikia likiitwa na karani wa hospitali tu. Halafu siku moja watoto huondoka.

Sisi tunaoiandika safu hii ni mtu na mkewe, na mwaka huu kitindamimba wetu ametoka nyumbani kwenda chuo. Tangu aondoke tumeona kwamba kwa miaka 24 maneno mengi baina yetu yalikuwa yakipita kwa mtoto: mwambie babako chai iko tayari, muulize mamako ameuweka wapi ufunguo. Mjumbe amekwenda zake, na salamu zimesita. Hapakuwa na chuki hata chembe. Palikuwa na kimya, na kimya kikikaa sana ndani ya nyumba huota mizizi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala jambo la mume na mke kutoka pamoja kwenda kuburudika si geni katika dini yetu, kama wengine wanavyodhani, wala halikuletwa na sinema. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Mahabushi walikuwa wakicheza kwa mikuki yao msikitini, na Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, akasimama akimsitiri Bi Aisha kwa shuka yake ili apate kutazama, wala hakuondoka mpaka Bi Aisha mwenyewe alipotosheka. Hebu tulitafakari hilo kwa utulivu. Aliyesimama alikuwa na umma mzima wa kuuangalia, na juu ya hayo muda alioutoa aliupima kwa haja ya mkewe, hakuupima kwa haja yake mwenyewe. Basi nani katika sisi atakayesema kwamba yeye ana shughuli zaidi?

Kwa hivyo tukaitenga Jumamosi moja. Twaishi ng'ambo ya Likoni, na mji kwetu ni Mombasa, ambao twauona kila siku kutoka upande wa pili wa maji. Tuliweka kando shilingi 5,000, tukawekeana masharti matatu. La kwanza, hakitanunuliwa kitu chochote cha nyumbani, hata kikiwa rahisi vipi. La pili, simu zitakaa mkobani, zitolewe baada ya kila sala kutazama kama watoto wametutafuta, kisha zirudi. La tatu, kila mmoja wetu atachagua pahala pamoja pa kwenda, na mwenzake atamfuata pasi na kuuliza kwa nini. Sababu itasemwa huko huko.

Saa mbili za asubuhi tulikuwa ndani ya feri. Avukaye Likoni kwa miguu halipi kitu, kwa hivyo siku yetu ilianza bure. Kwa kawaida sisi, kama wavukaji wengine, huelekeza nyuso mbele tu, tukingoja mlango ushuke tukimbilie matatu. Siku hiyo tulisimama ubavuni. Meli kubwa ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini, ikisindikizwa na boti ndogo za bandari, na feri ikangoja ipite. Watu walinung'unika kwa kucheleweshwa. Sisi hatukuwa na pa kuchelewa, na tukaitazama meli ile toka omo hadi tezi kama watoto.

Tulipanda tuktuk hadi Marikiti, na hapo sharti la kwanza likatiwa mtihani. Iliki, mdalasini na pilipili manga zilikuwa zimepangwa mbele ya maduka, na vitunguu thomu vilikuwa vya bei nzuri kuliko kwetu. Mke wa nyumba hii alivisimamia, akavishika, akavirudisha. Mume wa nyumba hii naye aliusimamia msumeno kwenye duka la vyuma, akaugonga kwa kidole, akaupita. Tulipoingia Mji wa Kale tulikaa kwenye mkahawa mdogo, tukaagiza mahamri, mbaazi na chai ya tangawizi. Kijana aliyetuhudumia alituamkia, "Shikamoo ami, shikamoo mama," kisha akauliza kama twamngojea mtu. Tulipomjibu kwamba hatumngojei mtu, alitabasamu, akatuongeza mahamri mawili ambayo hatukuyaagiza.

Mke ndiye aliyeanza kuchagua, naye alichagua Ngomeni.

Ngome ya Fort Jesus hakuna asiyeijua katika Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama ramani hiyo utaona umbo la mtu aliyelala chali. Waomani waliizingira mwaka 1696, wakaichukua mwaka 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na njaa na maradhi kuliko mizinga. Jahazi la kivita la Wareno, Santo António de Tanna, lilizama chini ya kuta zake mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa na wazamiaji katika karne iliyopita vimewekwa kwenye makumbusho humo ndani. Waingereza waliifanya gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mume aliyaeleza yote haya kwa bidii, kama mwenyeji anayemtembeza mgeni, akaongeza kwa mzaha kwamba ziko nyumba zilizozingirwa muda mrefu kuliko ngome hiyo na bado hazijasalimu amri.

Mke alicheka. Kisha, tuliposimama juu ya ukuta unaoelekea baharini, akaitaja sababu yake. Alikuwa hajapata kuingia humo maishani mwake. Alipokuwa darasa la sita, skuli yao ilipanga ziara ya Ngomeni. Pesa zililipwa, na nguo ikapigwa pasi. Asubuhi ya siku yenyewe nyanya yake akaamka hawezi, na katika watoto wote yeye ndiye aliyeambiwa abaki. Alibaki akamuuguza, na wenzake wakarudi jioni na habari za mizinga. Tangu siku hiyo amepita mbele ya lango lile mara zisizohesabika, akiwa na watoto, au na vikapu, au na mgonjwa, na hakupata siku moja ambayo hakuwa akingojewa kwengine. Watoto wetu wote walikwenda ziara hiyo na skuli zao. Yeye ndiye aliyewafungia chakula cha njiani.

Miaka 24 tumelala chini ya dari moja, na habari hii ilikuwa haijasemwa. Haikufichwa, haikupata nafasi tu. Tukakaa juu ya ukuta ule mpaka mke alipotosheka, na hapo mfano tulioutaja wa Mahabushi na Bi Aisha haukuwa tena maneno ya kitabuni.

Kutoka Ngomeni tulifuata Ndia Kuu, barabara ambayo jina lake bado linasema Kimvita, tukitazama milango ya nakshi na roshani za mbao. Msikiti wa Mandhry uko hapo, nao husemwa kuwa umejengwa karibu na mwaka 1570, kabla ya Wareno kuweka jiwe la kwanza la Ngome. Mume aliisali adhuhuri hapo, na mke akaenda kuisali kwa jamaa yetu wa mtaa wa nyuma. Msomaji ajua yaliyotokea. Jamaa aliposikia kwamba mume yuko msikitini, alituma mtoto akamngojee mlangoni, na wali ukaandaliwa. Kukataa ni utovu wa adabu, na kukaa ni kuipoteza siku; basi tukala vijiko vichache kwa heshima, tukaomba radhi, tukaahidi kurudi. "Kwani mwakimbilia wapi?" akauliza. Tukamwambia kwamba hatukimbilii popote, na hilo ndilo tulilolitokea. Akatutazama kwa muda, kisha akasema na yeye atamwambia mumewe.

Zamu ya mume ilipofika alichagua Bandari ya Kale. Siku hizi pale ni pahala pa utulivu. Zamani, upepo wa kaskazi uliyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi tangu mwisho wa mwaka, yakiwa na tende, chumvi, mazulia na samaki wakavu, na kusi ulipoanza yalirudi na boriti za mikoko, nazi na nafaka. Kazi ya kupakua na kupakia ilikuwa ya wachukuzi, na babake mume wa nyumba hii alikuwa mmoja wao. Mume alipokuwa mtoto ndiye aliyempelekea chakula cha mchana, bakuli limefungwa kwa kitambaa, na kila siku alimkuta babake chini ya gunia. Siku moja alifika mapema, akasikia wachukuzi wakiimba wimbo wa kazi, mmoja akianza na wengine wakiitikia, na sauti iliyokuwa ikianza ilikuwa nzuri ajabu. Alipowakaribia akaona kwamba ni babake. Nyumbani hakuwahi kumsikia akiimba, si kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Mke alimuuguza mzee yule katika miaka minne ya mwisho wa uhai wake. Alimlisha, akambadilishia shuka, akamshika mkono alipokata roho, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakujua kwamba alikuwa na sauti. Alisimama kwenye ngazi za bandari akamtaka mume amweleze tena, wapi hasa aliposimama mzee, na wimbo wenyewe ulikwendaje. Maneno mume hakuyakumbuka. Mahadhi aliyakumbuka, akayavumisha taratibu, na mvuvi aliyekuwa akishona wavu wake karibu nasi akainua kichwa, akatikisa kukubali, akarudi kwenye wavu.

Alasiri tulikwenda Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari ambayo ilifanyiwa ukarabati mkubwa ikafunguliwa mwaka 2019, na ambayo mibuyu yake imeshuhudia vizazi vingi kuliko sisi. Tulikula mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, tukanywa madafu. Na hapo, bila ya kupanga, tukalizungumza jambo lililokuwa likitungoja tangu mtoto aondoke: nyumba ya vyumba vitatu na watu wawili. Mume alikuwa amekusudia kuvikodisha vyumba viwili vilivyo vitupu. Mke alikuwa amekusudia kuvigeuza pahala pa kuwafundisha wasichana wa mtaani ushonaji. Kila mmoja alikuwa ameshapiga hesabu zake peke yake, na vyumba vilikuwa ni vile vile. Lau mambo haya yangelizuka nyumbani, usiku, baada ya kazi, tunadhani yangelikuwa ni mashindano ya hesabu. Pale, mbele ya bahari, yaligeuka kuwa shauri juu ya miaka iliyosalia, kama Mungu akitujaalia, na namna tunavyotaka kuiishi. Tulikubaliana chumba kimoja kikodishwe na kimoja kiwe cha cherehani. Mashauri yalichukua muda wa madafu mawili.

Baada ya isha tulikwenda kwenye ukumbi mmoja wa mjini palipokuwa na taarab. Twajua wapo watakaotuuliza, nasi twasema mapema: juu ya ala za muziki wanavyuoni wamekhitalifiana tangu zamani, na safu hii si pahala pa fatwa. Kila nyumba na ifuate kile ilichotulizana nacho. Yupo atakayeifunga siku yake kwa usiku wa kasida, au kwa maulidi, au kwa kikao cha malenga wakisoma tungo zao, na tutakayoyasema hapa yatamfaa vile vile.

Neno taarab limetoka kwa Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile hali ya moyo kutekwa na sauti, iwe kwa furaha au kwa huzuni. Unguja, kikundi cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905. Siti binti Saad, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurikodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Mombasa nayo ikawa na mkondo wake. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliushikilia udi. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba kwa mahadhi ya Kihindi, na baadhi ya maneno yake yalitungwa na jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Wasomaji wa umri wetu hawahitaji kuelezwa zaidi, kwani waliozwa kwa sauti hizo.

Lakini zingatieni jinsi tulivyozisikiliza. Arusini wanaume walikuwa kwao na wanawake kwao. Kanda za redio zilizunguka nyumba kwa nyumba, mume akizisikiliza dukani na mke akizisikiliza jikoni. Mtu na mkewe waliweza kuupenda wimbo mmoja kwa miaka thelathini wasipate kuusikiliza hata mara moja wamekaa kiti kwa kiti. Usiku ule viti vilipangwa kwa jamaa, na tulikaa pamoja safu ya tano, fidla na udi mbele yetu, dumbaki ikiwashikia wenzake mwendo.

Katikati ya usiku wakapiga wimbo wa zamani ambao sote wawili twaujua kwa moyo, wa mtu anayelalamika kwamba amesubiri sana na hajatambuliwa. Wimbo ulipokwisha tukaanza kunong'onezana, na hapo tukafunguka macho. Mume, miaka yote hiyo, alikuwa akiamini kwamba anayelalamika ni mwanamume, aliyechoka kwa kazi na asiyeshukuriwa nyumbani kwake. Mke, miaka yote hiyo, alikuwa akiamini kwamba anayelalamika ni mwanamke. Tukayapitia maneno ubeti kwa ubeti, na hakuna hata neno moja lililotuamulia. Kiswahili chetu hakitofautishi mume na mke katika kitenzi. Asemaye ni mtu, na anayeambiwa ni mpenzi, basi. Upande wa wanaume ulikuwa na wimbo wake, na upande wa wanawake ulikuwa na wake, na maneno yalikuwa yale yale. Malalamiko tuliyodhani ni ya mmoja wetu kumbe tulikuwa nayo sote.

Baadaye mwimbaji akaingia kwenye wimbo mwengine, wa sifa za mwenye subira. Wasomaji waijua ada ya tuzo: anayeinuka na noti yake mwimbaji anapofika kwenye ubeti fulani huwa ameufanya ubeti ule kuwa kauli yake, na ukumbi mzima hugeuka kutazama anamlenga nani. Mke wa nyumba hii, ambaye hana mazoea ya kusimama mbele za watu, aliinuka. Alikwenda kwa mwendo wa pole hadi mbele, akampa mwimbaji shilingi 200, akarudi akakaa, wala hakusema kitu. Mume naye hakuuliza. Sharti la tatu lilikuwa bado linafanya kazi.

Feri hufanya kazi usiku kucha, na saa hiyo haikuwa na msongamano. Tulipokuwa katikati ya maji mume akauliza, kwa jina lake halisi, si kwa jina la mtoto, "Ulikuwa ukimtunza nani?" Mke akajibu, "Yule msichana aliyebaki nyumbani." Kisha akaongeza kwamba kama angelikuwa na noti nyengine angelimtunza mchukuzi mmoja wa Bandari ya Kale. Tukafika ng'ambo tukiwa na shilingi 650 mkobani, na hatukuwa na hata kitunguu kimoja.

Hatukuyasimulia haya ili kila mtu apite njia tuliyoipita. Tumeyasimulia kwa sababu tumeona mambo matatu ambayo tunadhani yatamfaa yeyote.

La kwanza ni kwamba shughuli ndiyo adui wa siku kama hii, na huja kwa sura nzuri: vitunguu vya bei rahisi, jamaa mkarimu, simu ya mtu mwenye haja. Mkianza kwa kusema "tupitie mara moja tu," siku imekwisha. Wekeaneni masharti kabla ya kutoka, na muyasimamie kwa kicheko, si kwa ukali.

La pili ni kwamba kila mmoja achague, na mwenzake amfuate. Siku iliyopangwa na mmoja huwa ni zawadi, na zawadi ni jambo jema. Lakini siku iliyochaguliwa na wote wawili huwa ni mazungumzo. Mtu akiulizwa nyumbani, "Una nini?" hujibu, "Sina kitu." Mpeleke pahala alipopachagua mwenyewe, nyamaza kidogo, na atakwambia.

La tatu ni kwamba siku ikomee kwenye kitu cha kusikilizwa pamoja, iwe taarab, au kasida, au mashairi, au hata mzee mmoja mwenye hadithi. Watu waliokaa kimya miaka mingi huona taabu kutazamana na kuanza kusema. Wakikaa bega kwa bega, wakisikiliza jambo moja, maneno hupata pa kushikia.

Wenye watoto wadogo watasema hawana nafasi. Kwao twasema nusu ya siku yatosha, na nyanya na mashangazi hawajapungua mitaani mwetu. Mwombeni mmoja awatazamie watoto, nanyi mumlipe kwa kumpumzisha siku yake. Wasio na pesa twawaambia kwamba kuvuka kwa feri ni bure, upepo wa bahari ni bure, na mihogo ya kukaanga haijapata kumfilisi mtu. Wanaochelea maneno ya watu, kwamba watu wazima wameanza kutembezana, twawaambia kwamba kijana wa mkahawa alituongeza mahamri, na jamaa wa Mji wa Kale alisema atamwambia mumewe. Watu hawachukizwi na mume na mke wanaoongozana. Hutamani.

Chumba cha cherehani kimeshasafishwa, na wasichana wanne wameandikishwa. Mpangaji wa chumba cha pili twamngojea mwisho wa mwezi. Na Jumamosi nyengine tumekwisha kuitenga, insha Allah. Safari hii mume ameomba achague yeye mwanzo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie huba na huruma nyumba zetu, awape waliofiwa na wenzi wao subira njema, na awajaalie waliohai kuonana kabla hawajaachana. Wabillahi tawfiq.